Fanta Ambayo Baba Mkubwa Hakuifungua

Baraka, 11 Machi 2024

Mwanangu Rosette,

Nakusalimu kutoka ufukweni, nikitumaini kwamba baridi ya Bukavu haijakushinda na masomo ya udaktari hayajakumaliza mwili. Sisi tupo. Mama yako Pulchérie anauza dagaa wake wa ndagala kama kawaida, ingawa mvua inamharibia anikapo. Barabara ya Fizi imekatika tena, na magari yanalala njiani. Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya watu wote: ukizungumza ndani, jirani anajibu nje.

Wakwe walikuja kukuposa tarehe mbili kama tulivyopanga. Kikao hakikwisha, kimesogezwa mbele. Usijali, mambo ya wakwe huenda polepole.

Sasa nina swali la mwalimu mzee. Nimepata jarida la sayansi la Kifaransa ambalo kurasa zake za mwanzo zilikwisha kufungia karanga. Katika zilizobaki nimesoma habari za mnyoo mdogo ambaye seli zake huisikia insulini kwa udhaifu, naye huishi karibu mara mbili ya wenzake. Halafu kuna panya walioondolewa kipokezi cha insulini katika seli za mafuta. Hao walikula kama wengine, hawakunenepa, na waliishi zaidi.

Miaka yote niliyofundisha katika kambi ya wakimbizi Kigoma nilichora kongosho ubaoni nikiwaambia watoto kwamba insulini ni uhai. Je, niliwadanganya? Je, mzee aliye na insulini kidogo anaweza kuongezewa miaka? Nauliza kwa ajili ya elimu tu. Unajua kwamba ningependa kuwapo siku njia ya kupanda kijijini kwetu, juu ya Swima, iliyofungwa na vita, itakapofunguka.

Baba yako mkubwa,
Néhémie


Bukavu, 29 Machi 2024

Baba mkubwa mpendwa,

Shikamoo, kama ulivyotuzoeza kambini. Mimi ni mzima. Umeme unakuja na kuondoka, na chumba chetu sasa kina wasichana wanne na jiko moja. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu ya maneno yako na kwa sababu ya mwandiko, ambao umeanza kutetemeka.

Nianze na swali lako. Insulini ni sauti moja, lakini kila tishu huisikia kwa kazi yake. Misuli ikiisikia hufungua mlango na kupokea sukari kutoka damuni. Mafuta huweka akiba na kuacha kuyeyusha ile ya zamani. Ini huisikia kama amri ya kufunga ghala: usitoe tena, chakula kimefika.

Panya wale walifanywa viziwi katika mafuta peke yake. Ini lao lilisikia, misuli yao ilisikia. Watafiti wengine walipoliziba masikio ini, panya waliugua: ini liliendelea kumwaga sukari, na kongosho likahangaika kutoa insulini zaidi na zaidi. Kwa hiyo hukudanganya watoto. Si uchache wa insulini unaoleta miaka. Inategemea ni tishu ipi, kwa kiasi gani, na katika mnyama gani. Mnyoo hana hata ini. Kuhusu binadamu bado tunabahatisha, na mgonjwa wa sukari asijaribu kabisa. Huyo tayari ini na misuli yake ni vizito vya kusikia, na kongosho lake limechoka kupiga kelele.

La pili. Mama alinipigia simu, akalia kabla ya kusema. Anasema wakwe waliondoka bila kula. Wanasema ulikuwa umelewa, ulimtukana mzee Eugène, ambaye ndiye anayemposea mchumba wangu Placide, kisha ukaanguka mbele yao. Baba mkubwa, sijawahi kukuona na glasi mkononi. Placide ananijibu kwa maneno mafupi kama ya polisi wa barabarani. Niambie kilichotokea.

Binti yako,
Rosette


Baraka, 20 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni lakini inasomeka. Mama yako anakusalimu. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Ziwa limepanda tena, na wale wa chini wameanza kuhamisha vitanda.

Nashukuru kwa somo. Limeeleweka.

Siku ile nilichoka. Wazee wa kanisa walinikalisha katikati yao wakaniuliza kama nilikunywa. Sikukana. Wameniondoa kwenye meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya watu. Nimekubali.

Usiandike tena juu ya jambo hili.

Néhémie


Bukavu, 9 Mei 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Mimi ni mzima, mitihani inakaribia. Naomba msamaha kabla sijakosa, kwa sababu katika barua hii sitatii.

Nilimuuliza mama taratibu, kitu kimoja kimoja, kama tunavyofundishwa kumuuliza mgonjwa. Nayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema:

"Alikuwa anatoka jasho sawa mutu mwenye kubeba muzigo. Midomo inatetemeka. Kisha anasema maneno ya ovyo, anaanguka. Bakwe banaondoka. Mi nikamupa chai ya sukari mingi kusudi pombe ishuke. Kikombe hakijaisha, anafungua macho ananiuliza, 'Bakwe bako wapi?' Nikamujibu, 'Bakwe bako njiani, wanakuchekaka.'"

Baba mkubwa, pombe haishuki kwa kikombe cha chai.

Nakuandikia sasa kama daktari ambaye bado si daktari. Ubongo haufanani na misuli. Haungoji ruhusa ya insulini ili upokee sukari, ila hauna ghala la maana. Unakula kile kilichomo damuni saa hiyohiyo. Mtu akijichoma insulini kisha asile, misuli na mafuta vinachukua, ini limeamriwa kufunga mlango, na ubongo unabaki peke yake na njaa. Jasho linamtoka, anakasirika bila sababu, ulimi unakuwa mzito. Anayemtazama anaona mlevi.

Ulisema unauliza habari za mnyoo na panya kwa ajili ya elimu tu. Je, unajichoma sindano?

Sikuulizi ili nikushinde kwa hoja. Mzee Eugène ametuma neno kwamba mwezi wa saba ukiisha bila ukoo wetu kujisafisha, watamtafutia Placide mtu kwingine. Nampenda Placide. Naliandika hilo kwa sababu mdomoni ningeona haya, na nadhani hata kwenye karatasi naona haya.

Rosette


Baraka, 4 Juni 2024

Mwanangu Rosette,

Amani kwako. Hapa hatuna msiba na hatuna mgonjwa, ndivyo ningekuandikia siku zote. Leo naandika kwamba mgonjwa yupo.

Ninajichoma tangu mwaka jana. Kituo cha afya kilinipima nilipokuwa nakonda na kuamka kila mara kwenda kukojoa. Chupa ya dawa naiweka ndani ya chungu, chungu ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, nyuma ya nyumba. Mama yako anadhani ni mbegu zangu za mchicha wa lengalenga. Sindano najichoma chooni alfajiri, nimeshikilia mlango kwa mguu.

Utauliza kwa nini. Unajua kwamba mimi ndiye ninayeita majina siku ya kuwagawia wakimbizi wa ndani unga na mafuta. Wamenichagua kwa sababu waliniamini. Na unajua watu wa hapa wanavyoiita sukari: ugonjwa wa wakubwa, wa wenye kula. Nitasimama mbele ya mama aliyekuja na sahani tupu nimwambie kwamba mwili wangu umeugua kwa kushiba? Ningemsikia akisema, "Kumbe mafuta yetu ilikuwa inaenda kwake."

Siku za mgao, uwanja wetu ulipojaa watu tangu mapambazuko, sikujichoma. Lile jarida lilinifariji. Nilijiambia kwamba huenda napata miaka, kama wale panya. Nilijidai natafuta miaka, na kumbe nilikuwa natafuta choo kisicho na mtu. Nimefundisha kongosho kwa nusu ya maisha yangu, na nikajisomea uongo kutoka kwenye ukurasa wa kufungia karanga.

Asubuhi ya kikao nilijichoma kipimo kizima ili niwe na akili safi mbele ya wakwe. Nilitarajia wangefika mapema, tungeafikiana, tungekula. Barabara iliwachelewesha. Walipofika waliweka kreti ya Fanta miguuni pangu, kama desturi inavyotaka. Wewe umekulia kambini, labda hukuliona hili kwa karibu. Vinywaji vya wakwe huwekwa mbele ya mkubwa wa binti. Akifungua chupa na kuonja, maneno yamekwisha, binti ametolewa. Kabla ya hapo hatii kitu mdomoni mbele yao, hata maji. Akila, watasema amemtoa mtoto kwa ajili ya tumbo lake.

Jasho lilianza wakati Eugène anazungumza. Niliijua dalili, Rosette. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko kuanguka. Nilijua kwa jina lake na kwa sababu yake, na nikajiambia, ngoja kidogo, atamaliza. Chupa moja ilikuwa imeegemea kifundo cha mguu wangu. Niliusikia ubaridi wake. Dawa yangu ilikuwa inanigusa mguu na mimi nikaiheshimu kama mkwe.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Inasemekana nilimwambia Eugène, "We, tangu lini mutu wa Fizi anajua thamani ya mutoto wa mutu?" Naye akasimama: "Tulikuya kuomba mutoto, hatukukuya kuangalia mulevi." Watu walicheka. Nilipoamka nilisikia ladha ya chai, na kreti ilikuwa bado imejaa.

Sasa unielewe kwa nini sikukana. Mlevi hutubu, akasamehewa, na watoto wake wanaolewa. Lakini wakisikia sukari watauliza kama iko ndani ya ukoo, na wewe ni damu ya marehemu mdogo wangu. Niache niwe mlevi. Ni kazi rahisi kuliko nyingi nilizofanya.

Baba yako mkubwa


Bukavu, 23 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mitihani imekwisha, na nadhani nimefaulu yote isipokuwa mmoja. Nimelia juu ya barua yako, kisha nimekasirika, kisha nimekwenda kufua nguo zote nilizonazo.

Sitakudanganya: sukari hii huandama koo. Inawezekana nami nitaipata, na inawezekana nisiipate. Lakini ile habari ya ugonjwa wa walioshiba si kweli. Ulitusimulia jinsi mlivyojificha msituni wakati wa vita vya mwaka wa sitini na nne, wewe ukiwa mtoto, mkila mizizi, na tumbo lako likivimba. Kuna tafiti juu ya watu waliopitia njaa tumboni mwa mama au utotoni. Wakizeeka, wengi wao huugua sukari kuliko wenzao. Mwili uliojengwa kwa njaa hushika akiba na hauzoei kingine. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupata wewe. Naweza kuapa kwamba mafuta ya wakimbizi hukuyala.

Nami nina la kuungama. Nimemwambia Placide. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima. Alikuwapo mlangoni siku ile, ulijua? Aliposikia yote akasema, "Kwa hiyo mi nilikuwa naangalia mzee anakufa, na nilikuwa nacheka." Amesema atakwenda nawe popote. Nimemkataza kuwaambia wakubwa wake. Hilo ni lako.

Ulisema nikuache uwe mlevi kwa ajili yangu. Sikuachi. Siku nitakapozaa, watoto wangu wataambiwa kwa nini babu yao alitengwa na kanisa, na mimi nitakaa kimya jikoni nikijua ukweli? Wakinikataa kwa ajili ya ugonjwa, wamekataa mtu aliye kweli. Wakinichukua kwa ajili ya uongo wako, sijui watakuwa wamemchukua nani.

Ukikubali kuketi nao tena: usijichome mpaka sahani iko mbele yako, uione kwa macho. Weka pipi mfukoni. Na ule, baba mkubwa. Ule mbele yao.

Rosette


Baraka, 14 Agosti 2024

Mwanangu Rosette,

Nakusalimu. Mama yako mzima, mbuzi mzima, na ziwa limerudi nyuma kidogo. Placide atakuwa amekwisha kukupigia simu, lakini simu yake ni ya furaha, na ninachotaka kukusimulia si furaha peke yake.

Tuliketi Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, palepale uwanjani. Eugène hakunisalimu kwa mkono. Waliweka kreti miguuni pangu tena, Fanta kama za siku ile, labda ndizo zilezile. Niliomba kusema kabla ya maneno ya mahari. Shangazi yake Placide, mama Félicité, ambaye ni mnene na ana sauti ya sokoni, akasema pembeni, "Leo tutasikia ulimi mukavu, bila pombe."

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maelezo mazuri, ini na misuli na ubongo, kama darasani. Yote yalinitoka. Nilisema: "Sikulewa. Nina sukari. Najichoma sindano, na siku ile nilijichoma bila kula, kwa sababu nilikuwa naona haya mbele yenu. Ugonjwa huu unaweza kuwa ndani ya ukoo wetu. Sasa mnajua mnachoposa."

Nilitazama viatu vya watu. Kisha Eugène akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Basi kwa nini haukufungua Fanta?"

"Ningefungua, ningekuwa nimetoa mutoto."

"Ungekufa, mutoto angetolewa na nani?"

Mama Félicité ndiye aliyejibu: "Mzee, sikia. Fanta moja haioe mutu. Ukisikia jasho, kunywa, tutahesabu ya pili." Watu wakacheka, nami safari hii nilikisikia kicheko chao, na hakikuwa kibaya, lakini masikio yangu yaliwaka moto.

Maneno yaliendelea mpaka jua likawa kichwani. Saa yangu ya kula ilifika na hatujaafikiana. Mama yako, ambaye sasa anajua mbegu zangu za lengalenga ni nini na hajanisamehe bado, aliniletea sahani ya ugali na samaki na kile chungu, akaviweka mbele yangu mchana kweupe. Rosette, niliwahi kuvuka ziwa usiku na watoto wa watu mgongoni. Haikuwa ngumu kama sahani ile. Mkubwa wa binti, kula peke yake, wakwe wamekaa na njaa wakimtazama, na kabla ya kula afunue tumbo lake achome sindano. Mkono wangu ulishika shati ukakataa kulipandisha. Nilianza kufikiri juu ya choo.

Eugène aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alivua koti lake, akaja akasimama mbele yangu akinipa mgongo, akalinyoosha koti kwa mikono miwili kama mama anayemficha mwenzake anayenyonyesha. Akasema akitazama mbele, kwa watu, si kwangu, "Mukwe haone tumbo la mukwe. Tunangojea."

Nikajichoma. Nikala. Nilikula polepole, naye mikono ilianza kumchoka kwa uzito wa koti, ni mzee kama mimi, na hakuishusha. Lile koti lina tundu kwapani. Nilipoinua macho nilitazama kupitia tundu hilo, ili nijue wanavyonitazama. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mama Félicité, Placide, wote walikuwa wamegeuza viti vyao upande mwingine, wamekaa wima kama kanisani, wakiangalia milima ya Swima.

Tuliafikiana alasiri. Nikafungua chupa, nikaonja kidogo sana, nikampa mama yako iliyobaki.

Kanisani nitasimama Jumapili ijayo kusema nililosema uwanjani. Baadaye nitawaambia wale wa mgao, na hao nawaogopa zaidi. Nadhani nitaanza kwa kuwaonyesha chungu.

Njoo na cheti chako na kipimo cha sukari ya damu. Uanze kwa kumpima mama yako, kisha wewe mwenyewe.

Ni mimi, ambaye sasa anakula mbele za watu,
Néhémie